Nilivyoiongezea Spidi Mashine ya Mke Wangu

Mkosaji ni mimi. Naanza na hilo kabla hamjafika mbali mkaanza kunitafutia visingizio, maana najua watu mlivyo na huruma ya bure. Sikulewa. Sikushawishiwa na mtu, wala shetani hakunipitia. Nilikaa kwenye stuli mchana kweupe, akili zangu timamu, nikafanya ubaya kwa vidole viwili, halafu nikaenda kununua soda.

Hakuna anayejua isipokuwa wewe unayesoma. Kwa hiyo nivumilie mpaka mwisho, ukitaka kunitukana utanitukana baadaye.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Mwanza, kaduka ketu kako Mabatini. Nasema "ketu" kwa sababu nilikuwa nakaendesha na mke wangu, Mama Koku. Mimi Msukuma, yeye Mhaya. Tulikutana chuoni tukisomea kitu kimoja, na tangu huko alikuwa ananipita. Mwanzoni nilijisifia. Nilikuwa nawaambia washikaji, "Mke wangu ni kichwa bwana!" huku nacheka. Kumbe kicheko chenyewe kilikuwa cha kujilazimisha.

Wateja ndio walionimaliza. Mtu anaingia na mashine kwapani, ananiona kabisa nimekaa, macho yanaruka yanaenda nyuma yangu. "Habari kaka, fundi yupo?" Fundi yupo! Sasa mimi na bisibisi mkononi alinidhani nani, muuza karanga? Nikisema fundi ni mimi, anajikuna shingo, anasema basi atapita mama akirudi.

Nikaanza kuhesabu vitu hivyo moyoni. Mwanaume akianza kuhesabu, nyumba hiyo ina msiba, ni siku tu haijajulikana.

Mwaka huo baba mkwe aliletwa kwetu Kiseke kutoka kwao Kagera, aje atibiwe. Alikuwa amepooza upande wa kulia na kifua kimemchoka. Ila kilichomkosesha usingizi si kifua, ni kibanja chake, yaani shamba lake la migomba na kahawa lenye nyumba katikati, ambamo mama mkwe ameishi tangu aolewe. Mzee hakujaliwa mtoto wa kiume. Ndugu zake walikuwa wanasubiri afumbe macho wachukue kibanja, mama mkwe arudi alikotoka, na walikuwa wanalisema hilo mbele yake bila haya.

Mzee alitaka kibanja akabidhiwe Mama Koku, na mama mkwe akae humo mpaka mwisho wa maisha yake. Tukamwambia tumwite mwanasheria aandike wosia. Akakataa katakata.

"Mkono wangu haushiki kalamu," alisema. "Wakiona karatasi ina dole gumba, watasema binti alinikamata kidole nimelala. Hapana, waitu, jamani! Wataniona uso, watasikia sauti yangu nikimtaja kwa jina lake. Hapo nani atabisha?"

Alikuwa anawajua wadogo zake na kaka yake. Wale watu karatasi wangeitafuna, lakini uso wa ndugu yao ukiwaangalia wasingeweza.

Basi Mama Koku akawa anamrekodi kwa simu. Mzee alikuwa anachoka haraka, kwa hiyo ilikuwa kidogo kidogo, vipande sita kwa siku nyingi. Kila kipande anakihamishia kwenye kompyuta yake ya dukani, anahakikisha kinacheza, ndipo anafuta kwenye simu, maana simu yenyewe ilikuwa ndogo haina nafasi. Kila Jumamosi ananakili kila kitu kwenye diski ya pembeni. Mzee alikuwa na ombi moja tu: aone vyote vimeunganishwa kabla hajafa, akubali mwenyewe kwamba ndiyo hivyo.

Tatizo likawa mashine. Ilikuwa mtumba, ya zamani sana, prosesa yake ingefaa kuandikia barua za kuomba kazi na si zaidi. Kuunganisha video ya dakika kumi kulikuwa kunachukua nusu siku, na mara nyingine inakatikia njiani. Na mzee pale nyumbani pumzi zinahesabika.

Mama Koku akaamua kuiongezea prosesa spidi, iende kuliko ilivyopangwa kiwandani. Hilo ni jambo mafundi wengi wanafanya, na wengi wanaunguza. Yeye alivyofanya, jamani, ningekuwa na roho nzuri ningemwita kila fundi wa Mwanza aje ajifunze! Alipuliza vumbi lote. Akafuta ile dawa ya kupoza prosesa iliyokauka, akapaka mpya. Akaweka feni kubwa. Halafu akaingia kwenye mipangilio ya ndani, na kabla hajaongeza chochote akafunga kwanza njia ya diski.

Nieleze hapo, maana ndipo nilipochinjia. Kwenye bodi za zamani, prosesa na njia ya diski vinafuata mdundo mmoja. Ukiharakisha mdundo ili prosesa ikimbie, diski nayo inalazimika kucheza haraka, nayo haiwezi, inaanza kuandika ovyo ovyo. Ndiyo maana kuna mahali pa kuifunga ibaki kwenye mwendo wake. Fundi mvivu hupasahau. Mama Koku alianzia hapo.

Kisha akapanda hatua moja. Akaiacha mashine ifanye kazi ngumu saa nzima, anasoma joto, anaandika kwenye daftari kuukuu la hesabu la Koku, binti yetu. Akapanda nyingine. Saa nzima tena. Siku tatu alifanya hivyo, hana papara. Ilipoyumba mara ya kwanza akarudi chini hatua mbili, akaandika namba, akazipigia mstari.

"Hapa ndipo mwisho wake," aliniambia. "Ukiidai zaidi ya hapa itakudanganya."

Kazi ya nusu siku ikawa inaisha kwa saa mbili. Habari zikaenea pale mtaani, watu wanapita kuchungulia mashine ya zamani inayokimbia. Wanampongeza. Mimi niko pembeni natengeneza chaja.

Jumatano jioni mzee akarekodi kipande cha sita, cha mwisho, chenye jina. Nilikuwepo. Alivaa lile shati lake jeupe la kurekodia, akaomba anyanyuliwe akae wima. Alipomaliza alitokwa jasho utadhani ametoka kulima, akashika mkono wa binti yake muda mrefu. Asubuhi yake Mama Koku akakihamishia kwenye mashine, akakiangalia kikacheza, akafuta kwenye simu ili ipatikane nafasi ya kumrekodi mzee siku inayofuata akiwaaga wajukuu.

Alhamisi hiyo hiyo akaja mwalimu mmoja wa Igogo na mashine isiyowaka. Nikanyoosha mkono kuipokea. Akaivuta kwake!

"Kaka, wewe si unashughulika na chaja? Hii tumwachie mama."

Watu walikuwa wanne au watano dukani, wakacheka. Mke wangu akawahi kusema, "Hapana mwalimu, hata Baba Koku ataiweza." Alisema kwa wema. Mimi nikasikia hata. Hata mimi! Hata yule pale!

Mchana akaenda Kiseke kumpeleka mzee hospitali. Nikabaki na mashine yake. Sikusita hata dakika moja, msije mkadhani nilipambana na nafsi. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaifungua njia ya diski aliyoifunga. Nikapandisha hatua nne juu ya mstari wake, na umeme wa prosesa nikauongeza kidogo ili isizime mapema. Nilitaka iwake vizuri, halafu igande mbele ya watu, aaibike, mwalimu wa Igogo na wenzake wamwone naye anababaika. Kipande cha sita kilikuwa humo peke yake, Jumamosi ya kunakili haijafika, na nilijua diski inaweza kuharibika. Nilijua! Nikajiambia itaganda kabla haijafika huko.

Haikuganda. Ndiyo hiyo adhabu ya Mungu kwa mwenye roho mbaya, ubaya wake ukakubali kimya kimya. Aliporudi jioni akaiwasha ikakimbia mpaka mwenyewe akashangaa. "Leo imeamka vizuri," akasema. Akaiacha inaunganisha vipande vyote sita, huku inaandika uchafu kwenye diski na sisi tunafunga duka, namtania kwamba mashine yake imekunywa kahawa ya kwao.

Ijumaa saa nane mchana baba mkwe akafariki. Hakuona kazi yake.

Mama Koku alikwenda dukani mara moja tu, akanakili video iliyounganishwa kwenye flashi. Aliiwasha, akaona mwanzo, akasikia baba yake anasalimia, akashindwa kuendelea. Nani angeendelea? Akazima, akaitia flashi kwenye pochi, tukasafirisha mwili kwenda Kagera. Njia nzima mama mkwe anauliza, "Maneno ya mzee umeyabeba?" Na yeye anajibu, "Nimeyabeba, Mama." Mimi nimekaa kiti cha nyuma yao.

Tulizika. Siku ya kumaliza matanga ukoo ukakaa kikao sebuleni, runinga ikawekwa juu ya meza. Mimi kama mkwe sina nafasi kwenye kikao cha ukoo wao, mkwe anakaa nje na kunyamaza, ndiyo desturi. Nilikaa karibu na dirisha, naona vizuri.

Mzee akatokea na shati lake jeupe. Akawasalimia ndugu zake mmoja mmoja kwa jina, wanawake wakaangua kilio. Akataja mipaka ya kibanja, akataja kila mti wa mpakani na nani aliupanda. Kaka yake, tunayemwita Baba Mkubwa, ameinamisha kichwa anapangusa macho. Nikaona kwa macho yangu wale watu wameanza kulainika. Kisha mzee akakohoa, akanyanyua mkono wake mzima.

"Sasa namtaja ninayemkabidhi," akasema. "Kibanja changu namkabidhi..."

Uso ukavunjika vipande vya kijani. Sauti ikakwaruza. Kioo kikawa cheusi.

Wakairudisha. Ikavunjika palepale. Mara ya tatu mtu mmoja akacheka, na Baba Mkubwa akanyanyua kichwa, machozi yamekauka.

"Hata marehemu amekataa kumtaja," alisema.

Nyumba nzima ikapumua. Mama Koku akasimama. "Baba Mkubwa, nakuomba! Kile kipande kipo Mwanza kwenye mashine, nipeni siku tatu tu nikakilete."

"Mkwe wetu si fundi?" Baba Mkubwa akasema. "Aingie atuambie. Mwanamke amechanganyikiwa na msiba."

Nikaingizwa ndani. Nikaletewa kiti, kiti cha mbele, mimi ambaye sikuwahi kuketi na wazee wale hata harusini kwangu. Nikawaamkia, wakaitikia vizuri. Nisikudanganye, nilijisikia raha! Kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu mtu aliuliza fundi yuko wapi akiwa ananitaka mimi.

"Kitu kama hiki kinaharibikaje?" akaniuliza.

Nikasema, "Wazee wangu, Mama Koku ana kawaida ya kuchokonoa mashine. Hii aliiongezea spidi kupita ilivyotengenezwa. Ukifanya hivyo, mambo kama haya hutokea."

Hakuna neno la uongo hapo, lichunguze utakavyo. Nililipanga hivyo.

"Niliipima!" Mama Koku akalia. "Baba Koku, waambie nilivyoipima! Niliifunga njia ya diski, niliandika kila kitu!" Akatoa lile daftari kwenye pochi. Baba Mkubwa akalipokea, akaona juu limeandikwa jina la mtoto na darasa la tatu, akampitishia mwenzake, wakacheka mpaka wakakohoa.

"Na huko Mwanza kipo?" Baba Mkubwa akaniuliza.

Nikamwangalia mke wangu. Alikuwa ananitazama kwa matumaini, ananingoja mimi, mume wake. Nikafikiri, akienda kuifungua ile mashine atakuta namba zangu.

"Huko nako kitakuwa hakipo, mzee," nikajibu.

Ikaisha hivyo. Mama mkwe akapewa muda wa kufungasha. Alilima pale miaka yote ya ujana wake, migomba ile anaijua mmoja mmoja, na alitoka na godoro, sufuria, na kuku wawili. Shemeji zake walimpekua na mizigo, wasije wakakosa jembe.

Mimi niliwahi kurudi, nikasema duka limefungwa muda mrefu. Nilitoka stendi moja kwa moja mpaka Mabatini na begi langu mgongoni, nikairudisha mashine kwenye namba za Mama Koku, moja baada ya nyingine. Nikaifunga na njia ya diski. Nilizikumbuka zote kichwani, kumbe kichwa ninacho.

Alipofika hakuoga hata vumbi la safari. Akawasha mashine, akafungua daftari, akaweka kidole kwenye mstari wake, akasoma kioo, akasoma daftari. Zilikuwa sawasawa. Akarudia. Nikaona kitu kinazimika usoni pake, kweli nilikiona. Kama namba ni zilezile alizozipima, basi kosa liko kwenye kupima kwake.

Siku nne alikaa kwenye ile diski anatafuta kipande cha sita, nami namletea chai na maandazi, mume mwema. Alipata picha moja isiyo na sauti, mzee amenyanyua mkono. Siku ya tano akafunga daftari.

"Baba Koku, nilipima vibaya," akasema. "Nimemuua Tata, baba yangu, mara ya pili."

Ningesema pale. Tulikuwa wawili, mlango umefungwa. Nikamwambia asijilaumu sana, kila fundi hukosea. Nikamsamehe! Unasikia? Mimi nilimsamehe yeye.

Tangu siku hiyo hajashika bisibisi. Dukani anatoa kopi na kufagia. Mteja akiuliza fundi, ananinyooshea kidole. Mwalimu wa Igogo siku hizi ananiita bosi. Nilichokitaka nimekipata chote, hakikupungua hata kidogo, na kila siku nakila kama mchanga.

Mama mkwe tunaishi naye Kiseke, analala chumba kimoja na Koku. Mimi ananiombea dua kabla ya chakula, mkwe aliyempa paa. Binti yake hamsemeshi ila kwa kutumana: "Koku, mwambie mama yako anipishe." Mke wangu anapisha. Nimewahi kumsikia bibi anamwambia jirani, "Huyu wa kwangu kichwa kilimzidi ukubwa, akayachezea maneno ya mwisho ya baba yake. Bora alipata mume wa kweli." Nilikuwa mlangoni, nikageuka nikarudi nje.

Wiki iliyopita Koku alifungua redio mbovu, akazipanga skrubu zake kwa mstari kwenye kifuniko cha sufuria, vizuri kabisa. Mama yake akamkuta. Hakumpiga. Alimshika mikono yote miwili akamwambia taratibu, "Acha, mwanangu. Mikono yetu sisi inaua vitu. Mpelekee baba." Mtoto akaniletea redio na bisibisi, analia. Nikapokea nikaitengeneza.

Sasa wewe ambaye mwenzako anakupita kwenye kazi yenu. Wivu ukianza, mwambie usoni. Gombaneni, mpigiane kelele majirani watoke nje, ni afadhali mara mia. Usiguse kazi yake akiwa hayupo. Na kama ulishagusa, ukatubu siku hiyo hiyo hata kama atakuacha, kwa sababu kesho yake kuna mtu atakuwa amefukuzwa kwake, keshokutwa mwingine atakuwa ameacha kujiamini, na wewe utakuwa unapewa kiti cha mbele. Nilikuwa na nafasi kikaoni, nilikuwa nayo siku ya daftari, ninayo na leo. Leo nimeamua kuwaambia ninyi msionijua. Mwoga nimekuwa hadi kwenye kutubu!

Yuko hapa dukani ninapoandika. Ameniuliza ni kazi gani inayonichukua muda wote huu, nikamwambia ni barua ya mteja. "Basi andika, nisikuharibie," amesema, akavuta stuli akaenda kukaa nje mlangoni, kwa sababu siku hizi hakai karibu na mashine inayofanya kazi.